Mlio wa mjomba

KANDO YA MPAKA
Na Praxides Taaka

Mjomba wangu hulala vizuri akiwa Malaba. Ana zaidi ya miaka 30 barabarani, kwanza utingo, baadaye dereva, akichukua makasha bandarini Mombasa na kuyapeleka Kampala, mara nyingine Kigali au Juba. Foleni ikimshika kabla ya mpaka, trela mbele, trela nyuma, injini zikinguruma na breki za upepo zikipumua, bodaboda wakipenya kwa honi, yeye huvuta pazia la kebini akalala hadi kuche. Januari 2022, madereva walipokataa kulipia vipimo vya korona vilivyotakiwa na Uganda na foleni ikarefuka makumi ya kilomita, alikwama humo siku nyingi na akarudi akiwa amepumzika kuliko tulivyowahi kumwona. Nyumbani kwake Funyula, ambako usiku unaweza kusikia embe likidondoka boma la pili, hukesha.

Mkewe aliumia kimyakimya kwa miaka, akiamini kwamba Malaba kuna kitu kinachopendwa kuliko nyumba yake.

Mwaka jana mjomba alinieleza. "Mama," akasema, maana jina la Taaka nililirithi kwa mamake naye hajawahi kuniita vingine, "huku kukinyamaza ndipo masikio yangu yanapoanza kazi. Ni kama breki ya upepo imeachiwa humu ndani na upepo wenyewe hauishi."

Sikumwuliza mlio huo ni mkubwa kiasi gani. Nilimwuliza unamchukulia nini. Akafikiri kidogo. "Unanichukulia saa nane hadi saa kumi na moja," akasema. "Na kusali. Padre akituambia tukae kimya baada ya komunyo, wenzangu wanaomba, mimi nasikiliza breki."

Mlio huo naujua. Wengi tuliokulia kaunti hii ya Busia tulikutana nao utotoni kwa sababu ya malaria. Nilikuwa kidato cha pili nilipowekewa dripu ya kwinini, na kufikia siku ya pili masikio yalikuwa yakilia kama nyenje elfu wamejazwa kwenye debe. Muuguzi alitoa habari hiyo kama mtu anayetangaza mvua: ni dawa, itapita. Ikapita kweli. Kwinini, inayotoka kwenye gome la mti wa sinkona, ndiyo iliyokuwa tegemeo letu kwa malaria kali hadi utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2010 na kuonyesha kwamba sindano ya artesuneti huokoa watoto wengi zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza watoto wa Afrika wapewe artesuneti. Lakini kwinini ilikuwa imekwisha kutuachia kipimo. Hadi leo mtu wa rika langu akitaka kukueleza hali ya masikio yake atakwambia, "Kama ya kwinini, ila hii haiondoki."

Yangu ilirudi miaka sita iliyopita bila dawa yoyote. Nikaenda kliniki moja. Kijana mpole akaniuliza: kutoka moja hadi kumi, kelele ni kubwa kiasi gani? Nikasema nne. Akaandika nne, akanipa vidonge vya vitamini, akaita anayefuata.

Ile nne imenikera kwa miaka sita. Haikuwa uongo. Sokoni, mchana, mlio wangu haufiki hata moja. Lakini nne inayoanza dakika ileile ninapokaa kuandika, ikashikilia sentensi yangu katikati na kukataa kuiachia, hiyo ni kitu kingine kabisa, na kwenye kadi yangu hapakuwa na mahali pa kukiandika.

Tangu mjomba anifungukie nimekuwa nikiwauliza watu wa hapa mpakani. Mama mwenye mashine ya kusaga unga alisema: "Saa kumi na mbili nazima mashine, lakini kichwani inaendelea kusaga, tena inasaga bila mahindi." Mlinzi wa usiku Burumba alisema wake ni mluzi mwembamba, wala haumsumbui, umekuwa kama saa ya ukutani. Mchomeleaji vyuma alisema ni kama wimbi la redio lisilokaa kwenye stesheni. Mwalimu mstaafu alisema yeye anasikia maji ya bomba, na kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akiamka kwenda kufunga bomba. Angalieni jinsi wanavyosema. Hakuna aliyenipa namba. Kila mmoja alinipa kitu anachokifahamu kwa mikono yake, kisha bila kuulizwa akaniambia kinamzuia nini au hakimzuii nini.

Wataalamu waligundua jambo hili zamani. Miaka ya 1940 daktari wa masikio wa New York, Edmund Prince Fowler, aliwapima wagonjwa kwa kuwachezea sauti na kuipandisha taratibu hadi wakasema, hapo, imelingana na yangu. Waliokuwa wakisema wanasikia ngurumo walisimama kwenye sauti ndogo ya kushangaza. Vipimo vilivyofuata vimerudia jibu lilelile: mara nyingi mlio huo hauzidi desibeli 10 juu ya sauti hafifu kabisa ambayo sikio la mtu huyo linaweza kuishika. Ni kama majani makavu yakisuguana. Mtu anaweza kupotezewa usingizi, kazi na hata hamu ya kuishi na kitu cha ukubwa huo, na mwenzake mwenye mlio uleule akaishi nao kama mlinzi wa Burumba.

Kuna wasomaji watakaosema, basi wagonjwa wanatia chumvi. La. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba chembe za vinywele zilizo ndani ya sikio zikifa kwa kelele, kwa uzee au kwa dawa, ubongo hupokea habari pungufu, nao hujibu kwa kuongeza nguvu ya kusikiliza. Nani hapa Busia hajawahi kufanya hivyo na redio? Stesheni ya mbali inafifia, unapandisha sauti, na kinachopanda ni mchakacho mtupu. Sasa mchakacho huo ukishikwa na ile sehemu ya akili inayolinda, ile inayokuamsha mbwa wakibweka, hautaachwa upite. Mlinzi ameitwa na hajui aliyemwita. Ukubwa wa mlio ni jambo la sikio na ubongo unaosikia; kero yake inatoka kwa yule mlinzi wa akilini.

Mwaka 2022 watafiti waliokusanya takwimu za nchi nyingi walikadiria kwamba zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wana mlio huu. Wanaouona kuwa tatizo kubwa ni zaidi ya milioni 120. Tofauti ya idadi hizo mbili ndiyo tofauti ya mjomba wangu na mlinzi wa Burumba, na swali la moja hadi kumi kuhusu ukubwa haliwezi kuwatenganisha.

Yapo maswali yanayoweza. Tangu 1996 kuna dodoso la maswali 25 linalouliza kama mlio unakukosesha usingizi, unakuvuruga unaposoma, unakukasirisha na watu wa nyumbani. Jingine, la 2012, linauliza ni sehemu gani ya muda uliokuwa macho ulikuwa na habari na mlio wako. Kwa hilo la pili sipendi asilimia zake. Hapa mpakani chumba cha daktari huwakutanisha Mteso, Mkhayo, Msamia na Mganda wakielewana kwa Kiswahili, na mama aliyetoka Adungosi hafikirii siku yake kwa asilimia. Mwulize hivi: tangu ulipoamka hadi ulipofunga kibanda, ni wakati gani uliusahau? Atakujibu kwa saa, na atakujibu vizuri.

Na hapa lugha yetu ina mtego mmoja ambao naomba wahudumu wa afya wauangalie sana. Kwa Kiswahili, sauti ni ya redio na sauti ni ya mtu. Mgonjwa akisema "nasikia sauti kichwani," anayemsikiliza anaona wazimu, na nyumbani wanaona mapepo. Nimezungumza na mwanamke aliyeombewa wiki nzima mbele ya vipaza sauti vilivyomwumiza masikio zaidi, kwa sababu tu alitumia neno hilo. Wengine wakishaona linavyopokelewa hawalitamki tena, wala hawatamki lolote. Maneno tunayo: mlio, mvumo, mluzi. Masikio yanalia. Masikio yanavuma. Mgonjwa akianza na "sauti," mwulize kwanza kama inasema maneno au inalia tu, kabla ya kumwandikia lolote.

Lazima niseme pia juu ya ushauri ambao wote tumewahi kupewa: tafuta mahali patulivu upumzike. Kwa mtu kama mjomba huo ni ushauri wa kumtesa. Mwaka 1953 Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichopitisha sauti, na asilimia 94 wakasema wanasikia mlio wa namna fulani. Kimya kamili huuleta mlio hata kwa asiyekuwa nao. Malaba ilikuwa ikimfunika mjomba kwa injini zake. Funyula ilikuwa ikimfunua.

Sisemi kelele za Malaba ni dawa. Ndizo zilizomharibu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, lakini kanuni hizo zinamtafuta mwajiri. Mama wa mashine ya unga ni mwajiri wa nafsi yake. Bodaboda hana ofisi ya kukaguliwa. Mchomeleaji ana miwani ya kulinda macho na hana chochote masikioni, na vizibo vya sponji vingemsaidia kabla hajazeeka. Kaunti inayokusanya ada kutoka kwa watu hawa kila siku inaweza kuwapima masikio mara moja kwa mwaka, hapohapo sokoni.

Wako wasiopaswa kusubiri. Aliyepoteza kusikia ghafla, hata kwa sikio moja, aende hospitali siku hiyohiyo. Anayesikia mlio upande mmoja tu, au mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Anayetumia dawa, kwinini, aspirini nyingi au sindano kama jentamaisini, amwambie aliyemwandikia na asiiache mwenyewe. Mwingine atakuta ni nta tu imeziba sikio, akarudi nyumbani amepona.

Wa mjomba haukuwa nta. Daktari alimwambia ukweli kwamba hakuna kidonge cha kuuondoa, kisha akamweleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza: mlio wenyewe haumharibu zaidi, na akili inaweza kuzoea ikipewa kitu kingine cha kusikiliza. Tukamnunulia redio ndogo. Huiwasha kitandani kwa sauti ya chini, chini kidogo ya breki yake, isiizime kabisa, ili vyote viwili visikike hadi akili ichoke kuchagua. Mwanzoni mkewe alilalamika. Baadaye akaanza kufuata vipindi vya Kiganda vinavyoingia kutoka ng'ambo.

Jumapili iliyopita nilipita Funyula baada ya misa. Nikamkuta chini ya mwembe na chai yake, nikamwuliza breki inasemaje leo.

Akanyamaza, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza gari la mbali.

"Ipo palepale, mama," akasema. "Lakini tangu asubuhi sikuwa nayo, hadi wewe ulipoiuliza."