Bibi Harusi Hakukosa Adabu



Tumerudi kutoka Newala na Masasi, na tumerudi na ugomvi. Tulikwenda kwa harusi ya mwenzetu, korosho zikiwa zimeshauzwa na kila mtaa una turubai na masufuria makubwa. Tulidhani tutarudi na habari za vitenge na hina. Hizo zitakuja, picha zipo. Leo tuna jambo limetukaa kooni, na limeanzia kwenye sinema ya mwaka 1935.

Msitucheke. Usiku wa kuamkia nikaha, wasichana wa nyumba ya Newala walileta laptopu chumbani kwa biharusi, wakatafuta cha kutazama wakati hina inakauka. Mmoja aliona jina Bride of Frankenstein, akalikamata lile neno la mwanzo tu, akasema hii ni ya harusi. Ikawekwa. Nyeusi na nyeupe, radi, makaburi, mnara. Dakika 75, na hakuna aliyeondoka.

Kwa asiyeijua, Daktari Frankenstein ametengeneza mtu kwa viungo vya maiti. Kiumbe chenyewe hakina jina, sisi tulikiita zimwi. Zimwi linafukuzwa, linachomwa, linafungwa minyororo. Anayelipokea ni mzee kipofu anayeishi peke yake msituni, na kwake ndiko linakojifunza kusema, na kulia. Likishajua urafiki ni nini, linataka mwenza. Mwanasayansi mwengine, Pretorius, anambana Frankenstein mpaka amtengeneze mwanamke. Wanamtengeneza, wanamvika nguo nyeupe ndefu, na Pretorius anatangaza kwa fahari kwamba huyu ndiye bibi harusi. Yeye mwenyewe macho ameyafumbua sasa hivi tu. Zimwi linasogea, linanyoosha mkono. Anapiga ukelele. Linamshika mkono, linampapasa taratibu, anapiga ukelele tena. Zimwi likiona kuwa naye analichukia kama wengine wote, linavuta mtambo na mnara unaripuka, na wao wamo ndani.

Katika filamu iliyobeba jina lake, bibi harusi hasemi hata neno moja.

Ugomvi ulianza papo hapo. Shangazi mmoja, mtu wa kwetu Unguja, alisema yule mwanamke kakosa adabu. Mwanamume kateseka, kaungua, kalia machozi, kakuomba mkono tu, hata kukupiga hakukupiga, na wewe unapiga makelele mbele ya watu? Akamalizia na ile methali wanayoimbiwa mabinti wengi wanapokataa binamu: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Chumba kizima kilicheka, kwa sababu safari hii zimwi lilikuwa pale kwenye kioo.

Bibi mmoja wa nyumba ile hakucheka. Alikuwa akilitazama zimwi bila ya hofu yoyote. Alisema yeye kakulia na midimu. Midimu ni wale wachezaji wa Kimakonde wanaovaa kinyago cha mti usoni na nguo mwili mzima, na zamani wanawake na watoto waliambiwa huyo si mtu, ni mzimu umekuja. Akasema wanawake walikimbia na kupiga kelele kama walivyotakiwa, lakini kila mmoja aliijua miguu ya mume wake. "Ndani mna mtu," alisema, "na kama mna mtu, anaweza kuambiwa hapana."

Basi tukalala na hilo. Tulidhani limekwisha.

Siku ya pili jioni tulimsindikiza biharusi kwa wakwe zake Masasi, kule kwenye majabali makubwa, na kule mjadala ukapata wapiganaji wapya. Wapwa wa bwana harusi wana banda la video, vile vibanda vya mabenchi na televisheni ambavyo kila mji wa bara unavyo. Hawa ni mashabiki kwelikweli, wanabishana juu ya filamu kama watu wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Terminator ipi bora, ya 1984 au ya 1991. Ile mashine ya pili ina roho au haina. Kama haina, kwa nini inataka ishushwe kwenye chuma kilichoyeyuka ili mtoto wa watu apone. Tulikaa barazani tunachambua mchele na tukaingia kwenye mabishano, sisi na wanawake wa nyumba, na walishangaa kwamba tuna la kusema. Kwa nini washangae? Bibi zetu walikuwa wakenda sinema mjini Unguja kwenye maonyesho ya wanawake watupu, wakirudi njia nzima wanabishana nani alikuwa na haki.

Hapo barazani ndipo tulipogundua kitu. Vijana wale filamu nyingi wamezijua kwa sauti ya mtafsiri, kina Lufufu na waliomfuata, mtu mmoja anayetia Kiswahili juu ya maneno ya watu wote. Ni kazi ya ustadi na tunaiheshimu, imewapa watu wasiojua Kiingereza haki ya kuelewa. Lakini Sarah Connor, mama aliyekimbia na kupigana filamu mbili nzima, kwao anasema kwa sauti ya mwanamume, na pengine anasema kile mwanamume huyo alichoona kinachekesha. Tulipowahadithia ya bibi harusi wa 1935, wote wakawa upande wa zimwi. Mmoja alisema, "Dada, yule alitengenezwa kwa ajili yake. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo moja."

Hapa ndipo tunapowasha taa.

Kutengenezwa kwa ajili ya mtu si kukubali. Mwenye hadithi, Mary Shelley, alilijua hilo, naye alikuwa msichana wa miaka 18 alipoanza kuiandika mwaka 1816. Ilichapwa mwaka 1818. Katika kitabu chake bibi harusi haamki kabisa. Daktari anamchana vipande kabla hajampa uhai, na moja ya hofu zake ni kwamba mwanamke huyo atakuwa na akili yake, anaweza akakataa makubaliano yaliyofungwa kabla yeye hajakuwapo. Wanaume wawili wameshapatana, na ghafla mmoja anakumbuka kwamba wa tatu hakuulizwa! Filamu ilimpa uhai na ikampa ukelele. Na aliyeigiza bibi harusi, Elsa Lanchester, ndiye huyo huyo aliyeigiza Mary Shelley mwanzo wa filamu. Kwetu sisi si bahati nasibu: mwenye kuhadithia anarudi mwishoni kulikataa zimwi kwa mdomo wake.

Watakuja wa kutuambia kwamba filamu za watu wanaojifanya waumbaji hazifai kutazamwa na mwanamke wa Kiislamu. Tumewasikia. Filamu yenyewe inawaumbua wanaojaribu, na mnara unamwangukia Pretorius. Kama kuna mawaidha zaidi ya hayo, watuletee.

Tunalotaka kulisema kwa nguvu ni hili la machozi. Shangazi yetu na wale vijana wa Masasi wamekubaliana juu ya kitu kimoja: mwanamume akilia, mwanamke anadaiwa. Sasa turudi Madina. Barira alikuwa mjakazi, akaachwa huru, na uhuru ule ukampa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Alichagua kuachana naye. Mughith akawa anamfuata njiani analia mpaka machozi yanachuruzika kwenye ndevu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwonea huruma, akamwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni maombezi tu. Akasema hana haja naye. Basi. Imo katika Sahihi ya Bukhari. Mwanamke aliyekuwa mtumwa jana, mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, amesema sitaki na akaachiwa njia yake. Mughith alikuwa mtu mwema, hakuwa zimwi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Bado hayakumfunga Barira.

Tunajua la kujibiwa. Bikira ridhaa yake ni kunyamaza, nayo ni hadithi sahihi. Ndiyo. Lakini someni ilikuja vipi: Bibi Aisha aliuliza kwa sababu bikira huona haya, basi akarahisishiwa. Ni huruma kwa mwenye haya, haikuwa ruhusa ya kumziba mdomo. Kunyamaza kunakuwa jibu pale ambapo swali limeulizwa na jibu jengine lingepokewa. Tunajua pia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii kuna walii mujbir, na masomo wetu hupenda kulitaja hilo haraka kisha wakapita. Wasipite. Lina masharti yake, kwamba pasiwe na uadui baina ya baba na binti, kwamba mume awe kufu yake, na hata yakitimia, kumtaka ruhusa ni sunna. Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake naye hataki. Akenda kwa Mtume, na ndoa ikavunjwa.

Bara wenzetu wamebishana juu ya umri mpaka mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ni jambo kubwa. Lakini biharusi wa miaka 24, mwenye shahada na kazi, naye tunamziba mdomo, na tunamziba kwa mapenzi, na vigelegele juu yake.

Mara ngapi, hapa hapa visiwani, tumekaa chumbani na biharusi kafunikwa ushungi? Wajumbe wanakuja mlangoni kuuliza. Kabla hajameza mate, shangazi anajibu, "Kakubali!" Vigelegele vinapanda, waulizaji wanaondoka, picha zinapigwa. Sisi wenyewe tumepiga vigelegele hivyo. Tumewahi kumwona biharusi anatikisa kichwa chini ya ushungi, na tukaambiana ni kigugumizi cha furaha. Leo ana watoto wawili na yuko kwa mama yake, na hatujui tumwambie nini.

Na sisi hao ndio tunaowadharau watu wa bara, khasa Wamakonde, kwamba dini yao ya juzi, unyago umewajaa kichwani, na kwao mjomba ndiye mwenye neno. Ni kweli mjomba ana neno, ukoo wao unafuata upande wa mama. Tulimwona akikaa mbele ya baba. Lakini sikilizeni yaliyotokea Newala asubuhi ya nikaha. Sheikh alikuja mlangoni na mashahidi wawili, akauliza. Shangazi yetu, yule yule wa adabu, akajibu kama kawaida, "Kakubali." Mjomba naye akakohoa kwa kuridhia. Sheikh akasema, kwa upole, kwamba hakuwauliza wao. Akangoja. Chumba kikawa kimya, hata watoto. Akauliza tena, akataja jina la mume na mahari. Biharusi akasema kwa sauti yake, ikisikika mpaka uani, kwamba amekubali, na kwamba mahari yake anataka akabidhiwe yeye mkononi. Yule bibi wa midimu ndiye aliyeanza vigelegele.

Haya tuliwahadithia vijana wa Masasi barazani, mchele umeshapikwa na tunasubiri wali upakuliwe. Walinyamaza kidogo, wakacheka juu ya mahari. Lakini yule aliyekuwa mkali kuliko wote hakuridhika. Bibi alikuwa amekuja nasi kumfikisha mjukuu wake, kakaa pembeni na tasbihi. Kijana akamgeukia.

"Sawa, bibi, mwanamke kakataa. Sasa zimwi lifanye nini? Limeshalia, limeshaomba, na mnara ni wake."

Bibi alimtazama kama anayeulizwa njia ya kisimani.

"Likapalilie mikorosho," alisema. "Mvua zinakuja."