Jumba la Mmarekani Liko Nanyuki, Wewe Uko TikTok

Wacha nikuulize, msomaji wangu. Juzi usiku si ulimaliza bando ukitazama majumba ya Marekani? Labda ni Biltmore kule North Carolina, nyumba ya vyumba 250 iliyofunguliwa mwaka 1895. Ukashangaa, ukabonyeza moyo, ukalala. Hata mimi hufanya hivyo, kwa hivyo sikucheki.

Lakini je, unajua kuna jumba lililojengwa kwa pesa za Marekani hapa hapa Nanyuki? Miaka ya 1930, tajiri mmoja Mmarekani, Rhoda Lewisohn, alijenga nyumba chini ya Mlima Kenya, ikaitwa Mawingo. Baadaye ikawa hoteli. Mwaka 1959 mwigizaji wa Hollywood, William Holden, aliinunua na wenzake, wakaigeuza kuwa Mount Kenya Safari Club. Mstari wa ikweta unapita papo hapo uwanjani.

Nyeri nako kuna Paxtu, nyumba ndogo katika hoteli ya Outspan. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi humo hadi alipofariki Januari 8, 1941. Skauti hutoka ng'ambo kuja kuiona. Sisi tunapita hapo tukikimbilia steji.

Najua utasema: hizo ni nyumba za wakoloni, zinanihusu nini? Sawa kabisa, na ndiyo maana zinakuhusu. Mawe hayakujibeba. Kuna watu waliochonga, waliopika, waliofua, waliopalilia maua. Hao ni akina guka na cucu wetu. Lakini ukisikiliza hadithi za majumba ya aina hii, majina karibu yote ni ya wageni.

Wamarekani wenyewe wameanza kurekebisha mambo. Huko Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson, mgeni haonyeshwi sebule peke yake. Huambiwa pia habari za watumwa zaidi ya 600 ambao Jefferson aliwamiliki maishani mwake, na huonyeshwa mahali walipofanyia kazi. Nyumba haijapoteza hadhi kwa kusema ukweli. Watu bado wanalipa kuingia.

Nikwambie kitu. Guka wangu alikuwa mtunza bustani kwa mzungu fulani upande wa Mweiga. Kila alipoanza kusimulia, mimi nilikuwa nashika simu. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani nikiwa na muda wote wa kumsikiliza, tulikuwa tumeshamzika. Leo sijui alilipwa ngapi, wala nyumba yenyewe ilikuwa gani. Hakuna kitabu nitakachofungua nipate jibu.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Nyinyi wenye majumba haya, tengeni hata siku moja kwa mwezi wenyeji waingie kwa bei wanayoiweza, na wafanyakazi wa zamani watajwe kwa majina.

Na wewe kijana, Jumamosi hii panda matatu uende ushago. Weka simu mbele ya mzee wako, urekodi. Muulize nani alijenga, alilipwaje, na shamba lile lilikuwa la nani kabla ya mzungu kufika. Maswali hayo hayahitaji digrii, nakuhakikishia. Wala hayali bando.