Origi Hakutusaliti, Tuache Kununa

Kila Harambee Stars ikipigwa, hapa Kathonzweni hakosi jamaa wa kusema, "Tungekuwa na Origi!" Sasa nikuulize, msomaji: angekuja kufuata nini?

Divock Origi alizaliwa Ostend, Ubelgiji, mwaka wa 1995. Babake, Mike Okoth, aliichezea Kenya. Kijana naye angeweza, lakini 2014 alivaa jezi ya Ubelgiji, akaifunga Urusi kwenye Kombe la Dunia. Sisi hatujawahi kufika huko.

Hapo mlango ukafungwa. Ni kweli 2020 FIFA ililegeza kanuni: unaweza kuhama kama ulichezea timu kubwa mechi zisizozidi tatu kabla ya kufikisha miaka 21, na miaka mitatu imepita. Lakini ukishacheza fainali za Kombe la Dunia, imeisha hiyo.

Wapo waliotuchagua, bana. Ayub Timbe alikulia Ubelgiji hukohuko, akachezea Stars. Kwa hivyo shida si damu. Shida ni nyumba yetu: 2022 FIFA ilitufungia nje kwa miezi tisa kwa sababu ya vurugu za uongozi. Nani angeacha Ubelgiji aje kukaa bure?

AFCON ya 2027 tunaiandaa na Uganda na Tanzania. Ukitaka vijana wa Ulaya waje, usiwaite wasaliti. Dai shirikisho linyooke. Hilo litamfaa hata dogo anayecheza hapa kwa vumbi, ambaye hana pasipoti ya pili ya kukimbilia.