Bastola Huchaguliwa kwa Risasi Yake

Swali la askari wetu kupewa bastola ya aina gani tumezoea kuwaachia makamanda peke yao. Mimi naona linatuhusu sote. Tena, kabla ya kuuliza jina la mtengenezaji, yafaa tuulize risasi yake inatoka wapi.

Hapa Eldoret kipo kiwanda cha serikali cha risasi, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa ujuzi wa Wabelgiji. Miongoni mwa risasi zake ni ile ya milimita 9. Uingereza ilipoiacha Browning na kuchukua Glock mwaka 2013, na jeshi la Marekani lilipoichagua SIG Sauer badala ya Beretta mwaka 2017, bastola zilibadilika. Risasi ilibaki ile ile ya milimita 9.

Anayenunua silaha asiyoweza kuilisha mwenyewe huwa mateka wa muuzaji, na gharama yake hutoka katika kodi ile ile inayojenga madarasa. Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi wana haki ya kuuliza, na Bunge lina wajibu wa kuhoji. Bastola isiyo na risasi ni chuma tu.