Mtoto akitaka kuacha udaktari awe mtafiti: familia ipime nini?

Kijana akichaguliwa kusomea udaktari, hiyo ni habari ya kijiji kizima. Wapo wazazi waliouza ng'ombe, wapo waliokodisha shamba, na wapo waliopitisha daftari la mchango ili mtoto afike chuoni akiwa na godoro na nauli. Kisha mwaka wa pili au wa tatu anapiga simu nyumbani: hataki tena kuwa daktari wa hospitali, anataka kuwa mwanasayansi wa utafiti na kusoma mpaka shahada ya uzamivu.

Swali hili limekuwa likitufikia kutoka kwa wasikilizaji, wazazi kwa wanafunzi. Hapa tunaeleza njia hizo mbili zinavyokwenda, na jambo moja ambalo katika ugomvi wa nyumbani husahaulika: wakati wa kuacha, na cheti anachoondoka nacho mwanafunzi, vina uzito kuliko uamuzi wenyewe wa kuacha.

Madaktari wawili, jina moja

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na jina. Anayetibu tunamwita daktari. Aliyemaliza shahada ya uzamivu katika kemia, kilimo au hata historia naye huandikwa "Dk." mbele ya jina lake. Wa kwanza amefundishwa kumhudumia mgonjwa aliyelala mbele yake. Wa pili amefundishwa kutafuta jibu ambalo bado halijaandikwa kwenye kitabu chochote, na kulithibitisha mbele ya wataalamu wenzake. Huyu wa pili, kama hakusomea tiba, haruhusiwi kumwandikia mtu dawa.

Tanzania, shahada ya udaktari wa tiba huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo tarajali hospitalini kabla ya usajili kamili. Njia ya mtafiti ni shahada ya kwanza ya sayansi, kwa kawaida miaka 3 au 4, kisha shahada ya uzamili ya miaka kama 2, kisha uzamivu wa miaka 3 au zaidi. Ukijumlisha unapata miaka 8 hadi 10. Anayedhani anakimbilia njia ya mkato amekosea hesabu.

Kwa nini wengine wanaondoka

Miaka ya mwanzo ya udaktari hujaa sayansi ya msingi: maumbile ya mwili, jinsi viungo vinavyofanya kazi, kemia ya mwili. Baadaye mwanafunzi huingia wodini. Wapo wanaogundua kwamba walichokipenda ni maabara, na kwamba wodi, damu na vifo vinawaelemea. Wapo pia ambao udaktari uliwachagua wao: walifaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita, na kila aliyeona matokeo akasema, "Huyu ni daktari."

Hilo si jipya. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alipelekwa kusomea udaktari Edinburgh mwaka 1825. Hakuweza kuvumilia upasuaji wa zama zile, uliofanywa bila dawa ya usingizi, na mwaka 1827 akaacha. Lakini baba yake alikuwa daktari mwenye mali. Kijana wetu anasoma kwa mkopo na michango.

Ipo pia sababu ya ajira. Zamani kumaliza udaktari kulikuwa sawa na kuajiriwa. Leo vituo vya afya vina upungufu wa watumishi, na hapohapo wapo madaktari waliohitimu wanaosubiri kazi, kwa sababu kuajiriwa serikalini kunategemea vibali na bajeti. Kenya, mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 uliodumu siku 56 ulichochewa kwa sehemu kubwa na suala la madaktari tarajali: Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, chama chao kikidai takriban 206,000 zilizokubaliwa mwaka 2017. Wanafunzi wanaona haya yote.

Mtafiti anamsaidia nani?

Wazazi wengi wanauliza: asiyetibu anatusaidia nini? Jibu lipo juu ya vitanda vyetu. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Kazi ya namna hiyo inahitaji madaktari, lakini inahitaji pia wataalamu wa mbu, wa takwimu na wa jamii. Mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, Profesa Wen Kilama, alikuwa mtaalamu wa wadudu waenezao magonjwa.

Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Katalin Karikó na Drew Weissman, ambao utafiti wao uliwezesha baadhi ya chanjo za Uviko-19. Weissman ni daktari wa tiba aliyesoma pia uzamivu. Karikó ni mwanakemia wa mwili, hakusomea udaktari wa kutibu.

Lakini historia ya Karikó ina upande wa pili. Mwaka 1995, baada ya kukosa fedha za utafiti mara kwa mara, alishushwa cheo chuoni alikofanya kazi Marekani. Daktari aliyesajiliwa anaweza kuajiriwa hospitali ya serikali, ya dini au ya binafsi. Mtafiti mara nyingi anaishi kwa mradi: fedha zikiisha, mkataba unaisha. Kwetu sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka nje. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya afya Afrika ilikwama, ya utafiti ikiwemo.

Hesabu ya kuacha

Hapa ndipo penye uzito. Anayeacha mwaka wa pili au wa tatu hana shahada yoyote. Hawezi kuruka moja kwa moja hadi uzamivu. Vyuo vya Tanzania kwa kawaida hudai shahada ya uzamili kwanza. Marekani wapo wanaoingia uzamivu wakiwa na shahada ya kwanza tu, lakini hiyo ya kwanza lazima iwepo. Kwa hiyo anayeacha katikati anarudi kuanza shahada ya sayansi. Masomo aliyofaulu yanaweza kuhesabiwa, ila chuo kinachompokea ndicho huamua. Asiondoke bila hati rasmi ya matokeo yake.

Mkopo nao haufi. Kuacha masomo hakufuti deni la Bodi ya Mikopo, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kama wengine.

Anayemaliza udaktari kwanza anapoteza miaka michache, lakini anaingia kwenye utafiti akiwa na shahada mkononi, na mradi ukifungwa anaweza kurudi wodini. Kwa aliyefika mwaka wa nne au wa tano, hesabu hii ni ngumu kuipinga. Kwa aliye mwaka wa kwanza na ana uhakika, kuhamia shahada ya sayansi mapema kunaweza kuwa nafuu kuliko kuvumilia miaka mitano ya kitu asichokitaka.

Kabla ya kusema ndiyo au hapana, familia imuulize kijana:

– Unataka kuchunguza nini hasa? "Sayansi" peke yake haitoshi.
– Umewahi kufanya kazi maabara au kwenye utafiti, hata likizo moja?
– Nani atalipia? Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha hufundisha uzamili na uzamivu, na kituo cha icipe cha Nairobi kina mpango wa kuwafadhili wanafunzi wa uzamivu tangu mwaka 1983. Ameuliza masharti?
– Je, umechoka, unaumwa, au umeshindwa somo moja? Kama ni hivyo, kuahirisha masomo kwa utaratibu wa chuo ni bora kuliko kuacha.

Tahadhari moja kwa wenye simu: mtu akikutumia ujumbe kwamba mwanao amepata ufadhili wa uzamivu nje na mtume "ada ya kufungua faili", msitume. Mfadhili wa kweli humlipa mwanafunzi.

Na mzazi, kabla ya kumkatia mtoto simu, muulize yuko mwaka wa ngapi. Jibu la swali hilo litabadilisha mazungumzo yote yanayofuata.