TFC ya mutoto haiuzwi mu sekretaria

Muda wa kazi za mwisho umefika tena ku iniversite. Mu nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, baba anatoka ku kazi ya usiku na mutoto anamungojea na ulizo moja: «Papa, feza ya TFC iko?» Baba anatafuta. Anakopa kwa rafiki wa ekipe, mama naye anatoa ile aliyotenga juu ya mufuko wa bunga. Hakuna wa kuwacheka. Wazazi ndivyo walivyo. Lakini sisi tunauliza: ile feza inaenda kulipa kintu gani?

Kwa sababu si kila mutu alipita kule, tueleze kwanza. TFC ni kazi ambayo mwanafunzi anafanya yeye mwenyewe ku mwisho wa masomo. Anachagua jambo moja, anatia ulizo juu yake, anasoma vile wengine walikwisha kusema, anachunguza, halafu anaandika na kuja kuitetea mbele ya walimu. Mwalimu mumoja anamuongoza, wanamuita direkteri. Kwa mwenye kusoma Letre, jambo lenyewe linaweza kuwa kitabu, wimbo, teatre, hadisi za wazee, ao hata ginsi watu wa muji wanasema. Feza inaomba kidogo: ya karatasi, ya kuchapisha, ya kufunga kitabu, ya taksi. Hapo hakuna matata.

Matata iko ku soko ingine. Pembeni ya masomo kuna sekretaria ndogondogo zenye mashini na fotokopi. Wengi kule wanafanya kazi ya haki. Wengine wanauza TFC yenye imekwisha kuwa tayari: kazi ya mutu mwingine, ya muji mwingine, ya mwaka mwingine. Wanageuza jina ku ganda, wanageuza mwaka, basi. Na sasa hata telefone inaandika. Unatia ulizo, inakutolea kurasa makumi mawili na Kifaransa chenye kunyooka, pamoja na majina ya vitabu vyenye havikuandikwa na mutu yeyote. Mutoto anabeba, anapeleka, anangojea poa.

Mufanyakazi wa mine hana lazima ya diplome ili aelewe ubaya wa hiyo mambo. Nani anatuma udongo ku usini kwa kusema tu «kuna shaba ndani»? Wanachukua kipande, wanaandika kimetoka fasi gani, wanapeleka ku laboratware, wanapima. Muchimbaji wa mukono naye anajua uchungu wa kupeleka mifuko yake ku depo na kukuta mashini ya kupima imechezewa. Basi, ile maandishi madogo ya chini ya ukurasa, yenye yanasema neno hili limetoka kitabu gani, ukurasa gani, ndiyo ile karatasi ya ku mufuko wa sampli. Ukiiondoa, ao ukitia ya uongo, yote inayobaki ni udongo.

Walimu nao tuwaambie. Tunajua mushahara wao unachelewa, na direkteri mumoja anaweza kubeba wanafunzi wengi kupita nguvu yake. Lakini direkteri mwenye anatia sinyature ku kazi hajasoma, ao mwenye anangojea anvelope mbele ya kufungua kurasa, ndiye anatia nguvu soko la pembeni. Hatutaji mutu, hatutaji masomo. Wenyewe wanajijua, na wanafunzi wanawajua zaidi.

Sasa tufike ku jambo lenye linatuuma kabisa. Kwa nini mutoto wa Letre anakosa cha kuandika, mpaka akinunue? Anatuambia: direkteri alinipa kitabu cha mufaransa wa zamani, sikukipata, na hata nikikipata sioni niseme nini. Hatuzarau kitabu cha mufaransa. Mwenye kukipenda akisome vizuri. Lakini nchi hii ya shaba imejaa maneno yenye yanangojea mutu wa kuyaokota.

Angalia. Mu mwaka wa 1965, mutu mumoja anaitwa André Yav aliandika kwa Swahili ya hapa kwetu, ile ile tunasema ku nyumba, historia ya muji wa Elisabethville, kwa jina la chama cha wale waliokuwa ma-boy wa wazungu. Kijitabu kilipigwa ku mashini, watu wa kazi ya nyumba wakieleza muji vile wao walivyouona. Nani alikifanyia kazi kubwa? Johannes Fabian, mwalimu kutoka Ulaya mwenye alifundisha hapa Lubumbashi. Alikitoa mu 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanakisoma ku iniversite za mbali. Huyu Fabian tena ndiye aliandika kitabu juu ya kundi la Mufwankolo, lenye wazazi wetu walicheka nalo. Tunamushukuru. Lakini Fakulte ya Letre iko hapa Lubumbashi tangu 1971, na watoto wetu wanapita mbele ya mulango wake kila siku.

Na si mambo ya zamani tu. Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 mu 2014: muji wa mine, gare, bar, wachimbaji, wenye kutafuta. Mwanafunzi mwenye kaka yake anashuka ndani ya shimo anaweza kukisoma kile kitabu na kuuliza: wachimbaji wa mu kitabu wanasema namna gani, na wetu wanasema namna gani? Mwandishi alichukua nini, aliacha nini, aliongeza nini? Hilo ulizo haliko ku sekretaria yoyote. V. Y. Mudimbe mwenyewe, mwenye dunia nzima inamusoma, alizaliwa mu 1941 ku Jadotville, ndiyo Likasi yetu.

Kuna pia gazeti Mwana Shaba, lenye Union Minière ilianza kutoa mu 1957. Pengine kuna namba zake mu sanduku la nkambo. Kuna nyimbo za ku kazi, na majina yenye wafanyakazi walipatia mashini na wakubwa wao. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alionyesha njia: alikaa na wafanyakazi wa Gécamines, akasikiliza, akaandika. Wale zaidi ya 10,000 wenye waliacha kazi ya Gécamines mu 2003 kwa ile mupango wa «départ volontaire» walibeba maneno hayo yote. Kila mwaka tunazika wamoja wao. Telefone yenye inaandika TFC ya uongo inaweza pia kurekodi muzee saa moja, na hiyo haiombi deni.

Watatuambia: walimu wanataka Kifaransa. Sawa, kazi iandikwe kwa Kifaransa. Lakini maneno ya muzee yawekwe vile aliyasema, kwa Swahili, na tafsiri pembeni. Fabian alifanya vile na hakuna mwenye alimurudisha.

Kwa hiyo, papa na mama, mbele ya kutoa feza, ikalisheni mutoto. Aache karatasi, aeleze kwa Swahili: jambo gani, ulizo gani, alikuta nini. Musiogope kwamba hamukusoma. Kama anazungukazunguka, kazi haijakuwa yake, na feza ingojee. Kama anaeleza mpaka nkambo anamukata neno na kusema «hapana, haikukuwa vile», mupatie feza ya karatasi, na umuache arudie kwa nkambo na kalamu.

Na mwenye kumaliza kuitetea atuletee kurasa mbili za kazi yake kwa Swahili. Tutazichapisha hapa, pamoja na jina la muzee aliyemupa maneno, kama muzee anakubali.