Breki Bandia Zinatuua, Dereva Ndiye Anayelaumiwa



Kila gari lililobeba wafanyakazi linapopinduka, taarifa huwa ni ile ile: dereva alikuwa akienda kasi. Dereva akiwa hai hupelekwa kituoni. Akiwa amekufa, hulaumiwa kaburini. Ni mara chache mno kusikia kwamba mtu amefungua gurudumu akazitazama breki zenyewe. Jambo hili limetuchosha.

Wote mnalijua soko la Kisekka hapa Kampala. Hakuna spea usiyoipata pale, na mafundi wake ni hodari. Nao ni watu wa jasho kama sisi, hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na pedi na brekishu zinazoingia nchini ndani ya maboksi yenye jina la kiwanda cha Japani, hali hazijapata kukiona kiwanda hicho. Kwa macho zinafanana kabisa na zile halisi. Kile kipande kigumu kinachosugua diski hugandishwa juu ya bamba la chuma. Katika pedi ya hovyo gundi haivumilii moto, kipande kinabanduka, chuma kinabaki kusugua chuma. Nyingine hazibanduki, ila zikishapata joto huteleza kama sabuni. Asubuhi kwenye tambarare dereva anakanyaga na breki inashika vizuri. Akifika kwenye mteremko mrefu, gari limejaa watu, anakanyaga na gari linazidi kwenda. Hali kadhalika mipira ya ndani ya masta silinda: ikiwa haikutengenezwa kwa mpira unaofaa hufura kwa mafuta ya breki au huchanika, na pedali huzama hadi chini. Na Kampala, kama mjuavyo, ni mji wa vilima.

Wazee wetu watakumbuka miaka ya 1970. Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, biashara zikaanguka, spea zikawa adimu, magendo yakatawala, na fundi akalazimika kuunga-unga. Wakati ule kulikuwa na sababu, kwani kitu hakikuwapo. Leo maduka yamejaa. Shirika la viwango, UNBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 likaanza kazi mwaka 1989, na tangu mwaka 2013 kuna mpango wa kukagua bidhaa huko zitokako kabla hazijapakiwa melini. Basi pedi hizi zinapitia mlango gani?

Hata Uingereza wenye magari ya michezo ya zamani, MG na Triumph, hulalamika kwamba spea mpya za breki wanazouziwa hazina ubora wa zile za kiwandani. Tunawapa pole. Lakini wao huendesha siku ya Jumapili kwa starehe, wakipenda. Sisi tunapandishwa kwenye lori au trela la trekta alfajiri, wengi kwa pamoja, na hatuulizwi.

Tuseme wazi: anayechagua pedi ya bei ya chini si dereva. Ni ofisi. Dereva akiandika kwamba breki ni mbovu huambiwa amalizie safari kwanza. Akikataa huitwa mkaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujitoa katika hatari. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haihusu ajali za ndani ya kiwanda tu, inamhusu pia aliyeumia akienda kazini moja kwa moja au akirudi. Akifa na kuacha wanaomtegemea, fidia ni mshahara wa miezi 60. Wajane wengi hawajui hilo, na mwajiri hana haraka ya kuwaambia.

Neno kwa ndugu wa gereji. Acheni kupuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa. Pedi nyingi za zamani zilitiwa asbesto, inayoleta kansa ya mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Boksi la uongo halikuambii ndani mna nini. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

Tunayataka matawi yote, ya mashambani na ya viwandani, yaingize mambo haya katika mkataba ujao wa hiari: kuwe na daftari la ubovu wa magari ambalo mwakilishi wa chama anaweza kulisoma siku yoyote, na dereva anayekataa gari bovu asikatwe mshahara. Ajali ikitokea, mwakilishi awepo gari linapofunguliwa. Tangu sasa, pedi ikitolewa kwenye gari la wafanyakazi isitupwe. Iwekwe pamoja na boksi lake na risiti, iandikwe tarehe na namba ya gari, ikabidhiwe kwa katibu wa tawi.